Shingo inauma, ganzi inashuka mpaka kidole gumba, nimeambiwa pingili zimesagika

Swali: Habari dokta. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mwanamke, nina miaka 43. Ni mwezi wa nne sasa shingo inaniuma upande wa kulia, maumivu yanashuka begani mpaka mkononi, na usiku kidole gumba na cha shahada vinakufa ganzi. Nimepiga eksirei nikaambiwa pingili za shingo zimesagika, nikapewa kola ya kuvaa shingoni na diklofenaki ya kutuliza maumivu, nikaambiwa nisiiname. Sasa nisipoinama nitashonaje? Jirani yangu kinyozi anasema anaweza kuivunja shingo ikalia mara moja nikapona. Naogopa kupooza. Nifanye nini?

Jibu: Salama dada yangu, na pole sana, miezi minne ya kushona huku mkono unawaka moto sio mchezo. Naanza na hilo la kupooza maana najua ndilo linalokuamsha usiku kuliko hata hiyo ganzi. Kwa ulivyoeleza, hizi sio dalili za mtu anayeelekea kupooza. Zipo dalili chache za hatari na nitazitaja huko chini, ukiiona hata moja usisubiri, lakini maumivu ya upande mmoja yanayoshuka mkononi na ganzi ya vidole viwili ni kitu ambacho sisi wa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tunakiona karibu kila wiki, na wengi wanapona bila kisu.

Sasa hilo neno "zimesagika". Mi hili neno linaniumiza kwa kweli, maana mtu akishalisikia anajiona ana mchanga shingoni, anaanza kutembea kama amebeba mayai, hageuzi shingo, anageuka mwili mzima. Ukweli ni kwamba ukichukua watu wa umri wako ambao hawajawahi kuumwa shingo hata siku moja ukawapiga picha, wengi utakuta diski, vile vimto laini kati ya pingili na pingili, zimepungua kimo na pingili zimeota vinundu pembeni, na wanalala usingizi wao vizuri tu. Kwa hiyo hiyo picha yako inasema una miaka 43, haisemi kwa nini unaumwa. Halafu eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi misuli wala mshipa wa fahamu, na diski yenyewe haionekani, wanachoona ni ule uwazi kati ya pingili na pingili. Picha isikutishe. Mwili wako na kazi yako vinaeleza mengi zaidi.

Shingo ina pingili 7, na juu yake kuna kichwa cha kilo kama 4 mpaka 5. Ukikaa wima kile kichwa kinakaa juu ya pingili zenyewe, misuli inafanya kazi ndogo tu ya kukisawazisha. Ukiinama kuangalia sindano, kichwa kinatoka nje ya nguzo yake na sasa misuli ya kisogoni na ile inayotoka shingoni kwenda kwenye bapa la bega ndiyo inayokining'iniza. Chukua jagi la maji ulishike karibu na kifua, halafu nyoosha mkono mbele ulishike hivyohivyo dakika mbili, jagi ni lilelile maji ni yaleyale ila mkono unatetemeka. Ndicho unachoifanyia shingo saa 8 mpaka 10 kwa siku, na msimu wa sare za shule Januari au wiki ya mwisho kuelekea Idi nadhani ni zaidi ya hapo. Kuinama kwenyewe sio dhambi, shingo imeumbwa iiname, tatizo ni kuinama na kuganda hapohapo. Mama zetu wanabeba ndoo ya lita 20 kichwani shingo ikiwa imenyooka, na wao pia wapo wanaoumwa, sisemi hawaumwi, ila angalau ule mzigo unashuka kwenye nguzo. Wako unavuta kwa pembeni.

Kati ya pingili na pingili, kila upande, panatoka mshipa wa fahamu, na ile ya chini ya shingo ndiyo inayokwenda mkononi. Ule wa 6 kuhesabu kutoka juu unakwenda kwenye kidole gumba na cha shahada, wa 7 zaidi kidole cha kati, wa 8 kidole kidogo. Ndio maana nilivyosoma "gumba na cha shahada" nikasema hapa huenda ni wa 6, diski imevimba kidogo au kinundu kimeugusa, na mshipa ukishakasirika unapiga kelele kule unakoishia, sio pale ulipobanwa. Lakini ngoja, kuna kitu kingine kinachofanana sana na hiki na kwa fundi lazima nikutajie, ni mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, pale mkono unapoungana na kiganja. Mkasi mzito wa kukatia, pasi, kuvuta kitambaa, vyote vinaminya hapo, na ganzi yake inapenda usiku, na inachukua gumba, cha shahada na mara nyingi na cha kati. Watu wengi wanatibiwa shingo miezi kumbe tatizo liko mkononi, na wengine wanavyo vyote viwili.

Jipime mwenyewe leo hivi. Usiku ukiamka na ganzi, kung'uta mkono kama unakung'uta maji, ikiondoka haraka namna hiyo inaelekea kiganjani. Mchana mkono ukiuma, weka kiganja juu ya utosi, kiwiko kikae pembeni juu, ukisikia nafuu ndani ya dakika moja inaelekea shingoni, maana ule mkao unaulegeza mshipa. Na taratibu, bila kulazimisha, geuza uso upande wa kulia halafu angalia juu kama unaangalia kona ya dari, ikipiga shoti mpaka mkononi, hapo ni shingo (acha palepale, usirudie rudie). Majibu yako yaandike, umpelekee mtu wa fizio, utamrahisishia kazi sana.

Wanaokuja na shingo sio mafundi cherehani peke yao. Kuna dereva wa bodaboda anayetoa kichwa mbele siku nzima, kuna anayelala na mito mitatu, kuna aliyeamka tu asubuhi shingo imekaza hageuki, hiyo mara nyingi inaisha ndani ya siku chache mpaka wiki, kuna aliyegongwa gari kwa nyuma shingo ikaruka mbele na nyuma, na vijana wa simu ndio usiseme. Na kuna wenye mawazo mengi, marejesho ya kikundi, ada, hawalali, na mwili usiolala unaumwa zaidi, hilo sio la kufikirika, usingizi mbovu unaongeza ukali wa maumivu kabisa.

Nikupe mfano wa fundi mwenzako mmoja niliyemtibu, jina nitalihifadhi. Alikuja kwangu mara tano, namkanda, anapata nafuu, Jumatatu anarudi yaleyale. Mara ya sita nikamwambia nakuja mimi kibandani kwako. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichokatwa mgongo, chini kina mto, cherehani ya miguu, na mlango uko nyuma yake, kwa hiyo mwanga unaingia unapiga mgongo wake na kivuli chake mwenyewe kinaanguka juu ya sindano. Ili aone mshono anainama mpaka pua iko kama shubiri moja kutoka kwenye kitambaa, halafu anakipinda kichwa kulia kutafuta mwanga. Kutunga uzi ilimchukua mara nne. Nikamuuliza mara ya mwisho umepima macho lini, akasema hajawahi. Pale nilielewa kwa nini mikono yangu haikuwa inamponya. Tuligeuza meza mwanga uingie kutoka kushoto, akanunua miwani ya kusomea, na shingo ambayo ilinishinda mwezi mzima ikaanza kutulia. Wewe una 43, ndio umri macho yanapoanza kugoma kwa vitu vya karibu, kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote kapime macho.

Halafu njoo kwenye meza. Weka vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma ya meza ya cherehani, sentimita chache tu, meza iinamie kwako kidogo kama dawati la shule, kazi inakufuata wewe badala ya wewe kuifuata, ila hakikisha haitikisiki na pedali unaifikia vizuri. Kiti kiwe na mgongo na usikisogeze mbali. Ile kazi ya mkono, kupiga pindo, kushona vifungo, usiifanye mapajani umejikunja, weka mto mapajani kazi ipande juu. Kukata kitambaa sakafuni acha kabisa kwa sasa, kata juu ya meza inayokufika kiunoni. Na la muhimu kuliko yote haya, kila bobini ikiisha uzi, simama. Sihitaji ukae na saa, bobini yenyewe ndio saa yako. Simama, zungusha mabega mara kumi kwenda nyuma, geuza shingo kushoto na kulia mpaka inapokubali, kaa endelea. Nusu dakika. Nimeona hii ikifanya kazi kuliko mashine nyingi tulizonazo kwenye chumba cha mazoezi.

Mazoezi sasa, na hapa usiyapuuze kwa kuwa yanaonekana madogo. La kwanza ni la kidevu. Kaa mgongo na kisogo vikielekea ukutani, angalia mbele moja kwa moja, halafu rudisha kichwa nyuma kama mtu anayekwepa harufu mbaya bila kuinua uso, kidevu kinaingia ndani, utasikia nyuma ya shingo panavutika. Shika hesabu ya 5, achia. Mara 10, asubuhi, mchana, jioni. Hili linaamsha misuli midogo iliyoko mbele ndani kabisa ya shingo, ambayo kwa mtu wa kuinama inakuwa imelala, na ikilala ile ya nyuma ndiyo inafanya kazi ya wote. Kama ukikaa inauma sana, lifanye umelala chali na taulo dogo chini ya kisogo, unaminya taulo taratibu.

La pili, mabega. Vuta bapa za mabega nyuma na chini kana kwamba unataka kubana penseli kati yake, hesabu 5, mara 10. Usiyapandishe kwenda masikioni, hilo ndilo kosa la wengi. La tatu ni la nguvu bila mwendo, weka kiganja kwenye paji la uso sukuma kichwa na mkono uzuie, kichwa kisisogee, hesabu 5, halafu kisogoni, halafu kila upande, nguvu iwe nusu tu ya uliyonayo. Baada ya wiki kama mbili mambo yakitulia unaongeza la nne, tafuta tyubu ya baiskeli iliyotoboka, funga kwenye nguzo au nondo ya dirisha usawa wa kiuno, shika ncha mbili na uvute kama unapiga makasia, viwiko vinapita kwenye mbavu. Mara 12, pumzika, rudia mara tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Hili ndilo litakalokuvusha msimu ujao wa sare, maana misuli ya mabega yenye nguvu inaipunguzia shingo mzigo.

Kuna kanuni moja nataka uikariri. Ukifanya zoezi, usiangalie tu kama inauma au haiumi, angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka mkononi yakapanda begani, yakakusanyika shingoni, hata kama shingo yenyewe inauma kidogo zaidi, hiyo ni habari njema, endelea. Yakishuka chini zaidi kuelekea vidoleni na yakabaki huko, zoezi hilo liache au lipunguze, bado halikufai. Kuuma kwa uchovu wa misuli kunakokwisha ndani ya siku moja sio madhara.

Usiku, mto mmoja, sio miwili. Kunja kanga iwe kama kamba nene uiingize ndani ya foronya ule upande wa shingo, ili ule uwazi kati ya bega na kichwa ujazwe na shingo isining'inie. Lala chali au ubavu wa kushoto, mkono wa kulia uuegemeze kwenye mto mwingine mbele ya kifua. Kulala kifudifudi hapana, maana unalazimika kugeuza shingo upande mmoja usiku kucha. Kabla ya kulala kanda na kitambaa cha maji ya moto dakika 15 shingoni na begani, ukipima joto kwa mkono wa kushoto kwanza kwa kuwa ngozi yenye ganzi inaungua bila kukuambia. Dawa ya kuchua ukipenda paka, haina ubaya.

Kola ivue. Siku mbili tatu za mwanzo mtu akiwa na maumivu makali inasaidia, lakini kukaa muda mrefu ndani ya kola ni kama mkono uliofungwa plasta, misuli inanyauka na siku ukiivua shingo haina wa kuishika. Ivue kwa hatua kama umeshaizoea, kwanza asubuhi, halafu nusu siku, mpaka iishe. Na diklofenaki, dada, hiyo sio ya kununua dukani kila wiki. Ikitumika muda mrefu inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, na sijaona sehemu uliyosema kama ulipimwa presha. Rudi kwa daktari umwambie umeitumia kwa muda gani akubadilishie, maumivu ya mshipa wa fahamu yana dawa zake tofauti na hizi.

Kuhusu jirani yako kinyozi, namheshimu kwa kazi yake, lakini shingo yako asiiguse. Ule mlio wa "ka!" sio pingili inarudi mahali pake, ni hewa iliyoko kwenye majimaji ya kiungo inapofyatuka, basi. Ndio maana mtu anajisikia mwepesi saa kadhaa halafu inarudi. Hatari iko hapa, mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo inapita ndani ya matundu ya pingili zenyewe za shingo, na ukizungusha shingo kwa nguvu ghafla inaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Haitokei kila siku, lakini imetokea na inajulikana. Wewe unaogopa kupooza kwa ajili ya picha ambayo haipoozeshi, halafu unafikiria kumpa shingo mtu aizungushe, hapo ndipo nataka uogope.

Sasa zile dalili za kukukimbiza hospitali. Mikono yote miwili ikianza kuwa mizito na ya ovyo, unashindwa kufunga vifungo au kutunga uzi uliokuwa unautunga hata ukiwa na miwani. Miguu inakuwa mizito, unayumba kama mlevi ukitembea. Haja ndogo au kubwa inakutoka au inakataa kutoka. Mkono unapoteza nguvu kabisa, sio kuuma, unashindwa kuinua jagi. Homa, kupungua uzito, kutoka jasho usiku, kikohozi cha muda, maana kifua kikuu huwa kinaingia mpaka kwenye pingili na huku kwetu tusikisahau. Umewahi kuugua saratani. Umeanguka au umepata ajali kabla ya haya kuanza. Homa na kichwa kuuma sana na shingo imekakamaa, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, usisubiri asubuhi. Na maumivu ya shingo, taya na mkono yanayokuja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi, hapo huenda ni moyo, sio shingo, nenda palepale.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, tafuta fizio. Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia kitengo cha fiziotherapia. Mtu mzuri atakuuliza maswali mengi kabla hajakugusa, atapima nguvu ya mkono mmoja mmoja, atagonga kiwiko na kile kinyundo, ataangalia na kiganja pia kwa sababu nilizokueleza. Anaweza kukukanda na kuivuta shingo polepole kwa mkono, inasaidia kupunguza maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Ila kama kila ukienda unalazwa chini ya mashine ya joto dakika 20 unaambiwa rudi kesho, na hujawahi kuondoka na zoezi hata moja la nyumbani, muulize kwa heshima, "naomba na mazoezi ya kufanya mwenyewe." Ni haki yako. MRI, ile picha inayoonyesha mpaka diski na mishipa ya fahamu, usikimbilie, inahitajika kama nguvu inapungua, kama kuna dalili nilizotaja, au kama wiki 6 mpaka 12 za matibabu ya kweli hazijabadilisha kitu.

Muda wake nisikudanganye, mshipa wa fahamu unapona polepole. Maumivu yanatangulia kuondoka, ganzi inabaki nyuma, wakati mwingine miezi kadhaa, na hiyo haimaanishi matibabu yameshindwa. Zitakuwepo siku mbaya, hasa ukichukua oda ya harusi ukashona mpaka saa saba usiku, ikitokea punguza mazoezi nusu kwa siku mbili, usiyaache.

Leo usiku anza na ile kanga kwenye foronya na zoezi la kidevu, kesho kabla ya oda ya kwanza geuza meza uone mwanga unatoka wapi. Baada ya wiki mbili niandikie, niambie mkono juu ya utosi ulikupa nafuu au hapana, na ganzi imefika wapi.